Mkwaruzo wa Mama Umefika Buyenzi

Shikamoo Baba,

Nimeshiba samaki, mukeke wa kuchoma, na miguu inauma kwa kucheza! Leo hapa mtaani Buyenzi kulikuwa na harusi, ya mchana, ili wageni wafike makwao kabla ya amri ya kutotoka nje. Bendi ikapiga ule wimbo wako wa gita, wa Mmarekani anayeimba kama mwenye kwikwi. Walijifunza kwenye santuri uliyomwachia rafiki yako Saidi, fundi redio wa hapa. Walipofika pale Mama alipoikwaruza, wakarudia neno moja mara tatu, kama sindano ilivyokuwa ikiruka nyumbani, na wachezaji wote wakaruka nyuma mara tatu. Mimi peke yangu nikaenda mbele, nikamkanyaga shangazi wa bibi harusi.

“We mutoto, unaenda wapi? Hapa tunaruka!”

Nikamwambia wimbo wenyewe hauruki.

“Apana! Bila kuruka, iko wimbo gani?”

Watu wa mtaa wa Kinama na wa Nyakabiga, ambao siku hizi hawatembeleani kwa sababu ya vita, waliruka pamoja wakicheka.

Baba, umemnunia Mama miaka yote kwa mkwaruzo ule. Mwombe radhi, umshike mkono, mruke nyuma mara tatu.

Mwanao akupendaye,
Rehema