Mteja wa Siakago Asiyelipa

Mpendwa Mama Gacheri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, kwa sababu siku hiyo nitadaiwa jina la mtu, na jina lenyewe nalijua vizuri ila mdomo unakataa kulitaja.

Mimi ni mpiga picha hapa Runyenjes, studio yangu iko juu ya duka la mbolea, napiga picha za vitambulisho, harusi na ruracio, zile sherehe za mahari, na mahafali ya chuo kikuu huko Nchiru sikosi, na mwaka huu nikaamua kufanya hesabu za kodi kama mtu mzima, nikaenda kwa Mzee Misheck, mhasibu mstaafu anayewasaidia wafanyabiashara wadogo nyumbani kwake, akaniambia nimletee risiti za kila kitu nilichotumia kutafuta pesa ili gharama hizo ziondolewe kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa, nami kwa furaha nikabeba zote, za pango, karatasi za picha, betri, taa, na petroli yote ya pikipiki.

Shida ni hiyo petroli. Kila Jumamosi mimi huteremka Siakago kumwona Nelius, mwalimu wa shule ya msingi huko, tulijuana nilipoitwa kwa malipo kupiga wanafunzi picha, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Siakago aliyenilipa hata shilingi, lakini begi la kamera liko mgongoni kila safari na Nelius nimempiga picha nyingi kuliko maharusi wote wa Embu, kwa hivyo niliona hizo ni safari za kazi, hata chakula tunachokula nikaandika ni cha kumkaribisha mteja.

Mama Gacheri, Nelius ni binti ya Mzee Misheck. Nilijua, na nilimchagua huyo mzee makusudi, nikidhani akiona biashara yangu imenyooka nitakuwa nimejitambulisha nusu. Yeye akapanga risiti mezani, akatenga zile za Siakago, zote za kituo cha mafuta kilicho mkabala na shule ya Nelius, akavua miwani akaniambia, “Kijana, hii mafuta yote ya Siakago inaleta pesa gani? Huyo mteja wako halipi? Niletee jina Ijumaa nimdai mimi mwenyewe. Na kama ni mtu mzito kumtaja, kuja na mtu mzima akusaidie.”

Nikiziacha risiti mimi ni mwizi wa kodi, nikiziondoa ataniuliza nilikuwa natafuta nini Siakago, na nampenda Nelius, nataka kumwoa, naogopa babake akinifukuza kama tapeli sitapata tena mlango wa kuingilia. Nelius nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, “Wewe ndio uliniandika mteja, sasa jitoe.” Nifanyeje?

Roho Juu, Runyenjes

*

Roho Juu, barua yako nimeisomea mume wangu mezani na chai ikatupalia. Pole, lakini pole yenyewe ni ndogo.

Tuanze na kodi, maana hapo umekosea na hakuna kubembelezana. Gharama inayoondolewa ni ile iliyotumika kutafuta mapato. Pango, karatasi, betri, taa, petroli ya kwenda kupiga harusi ya watu, hizo ni haki yako, mwanangu, dai kila moja na risiti yake. Kamera nayo mwulize mzee, kwa kuwa kitu cha kudumu hupunguzwa thamani kidogo kidogo. Lakini petroli ya kumfuata mpenzi ni yako wewe na moyo wako. Begi kuwa mgongoni si hoja. Ukienda kanisani na jembe begani, je, umeenda kulima? Na chakula ulichomnunulia mchumba ukakiita cha mteja, hapo aibu ikushike kidogo, kisha ikuachilie.

Basi leo, si kesho, toa risiti za Siakago zote. Zile picha ulizopiga wanafunzi ulilipwa, kwa hivyo safari ile ya kwanza ni ya kazi na ibaki. Ukiulizwa zingine ni za nini, sema ulidhani ni kazi na umeona si kazi. Kosa linalorekebishwa kabla hesabu hazijapelekwa halimfanyi mtu mwizi.

Sasa huyo mzee. Umeandika maneno yake mwenyewe halafu hukuyasoma, kijana. Mtu aliyekaguakagua risiti maisha yake yote, aone petroli ya kila Jumamosi inanunuliwa mbele ya shule anayofundisha binti yake, asijue mteja ni nani? Angekuwa amekasirika angekurushia karatasi zako. Yeye amekuambia uje na mtu mzima. Tangu lini hesabu za kodi zikahitaji mtu mzima wa kumsindikiza mwenye biashara? Umeitwa ukweni, na wewe unaniandikia habari za petroli.

Mwambie Nelius amdokeze mamake kwanza, ili Ijumaa maji yawe motoni. Mchukue baba yako, au baba yako mdogo kama baba hana maneno, vaa shati lililopigwa pasi, na kamera iache nyumbani. Mkifika, acha mkubwa wako aseme, wewe ukiulizwa jina ulitaje kwa sauti.

Mbebe na kreti ya soda, mikono mitupu haifai. Na risiti ya soda hiyo usimpelekee mzee.