Niliwaambia Niliomba Kuona

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba ubadilishe majina, maana hapa Kimamba tunajuana mpaka kanga za kila mtu, na haya ninayokuandikia hata mama yangu mzazi sijawahi kumwambia.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mume wangu Vitalis ni fundi baiskeli, na hatuna mtoto. Nilishika mimba mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, baada ya kuisubiri miaka saba, na furaha yangu haikumaliza hata miezi mitatu kwa sababu kumbe moyo wangu una valvu mbovu tangu utotoni na mimi sikujua, nilidhani kule kuhema ni uzembe wangu tu, mpaka nilipoanguka bombani na ndoo kichwani nikakimbizwa hospitali kubwa mjini, na daktari akavuta kiti akakaa akaniambia kwa upole kabisa kwamba mama, moyo huu hauwezi kubeba mimba hii, ikiendelea tutawapoteza wote wawili, na hata baadaye usitafute nyingine. Vitalis alilia kabla yangu. Tukatia sahihi.

Siku ya kusafishwa nilipelekwa kwanza kwenye kipimo. Nilikuwa tayari na ultrasaundi ya tumboni ya siku mbili nyuma, wiki zinajulikana, kila kitu kimeandikwa, lakini mpimaji akasema hapo kwao utaratibu kwa wanaokuja kutoa mimba ni kupimwa kwa njia ya chini, akakivalisha kondomu kile kifimbo cha mashine, akaniingizia huku wanafunzi wawili wamesimama miguuni pangu, akanigeuzia skrini akasema tazama. Mshauri, nikaona. Kitu kidogo kama karanga na katikati yake panachezacheza, halafu akafungua sauti, tiki tiki tiki tiki, mbio mbio, na mwisho akachana ile karatasi ya picha inayotoka kwenye mashine akaniwekea mkononi bila kuniuliza kama naitaka. Nilikusudia kuitupa stendi wakati tunasubiri gari la kurudi. Sikuweza.

Sasa karatasi hiyo ndiyo mtoto wangu, nisamehe kusema hivyo. Ipo ndani ya kadi ya kliniki, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya vitenge sandukuni, na kila Jumapili nikitoka kanisani naitoa, naitazama kidogo, narudisha haraka, maana nimegundua inafifia, upande wa kulia umeshakuwa mweupe na siku hizi naogopa hata mwanga wa dirisha. Angekuwa na miaka miwili na nusu, umri wa kukataa kuvaa viatu. Watoto wa rika lake hapa mtaani nawajua mmoja mmoja, najua nani ameota magego na nani bado anaita maji "mai", na mama zao wanadhani mimi napenda watoto tu. Vitalis naye akinyoosha ringi ya baiskeli, ile anaiinua na kuizungusha hewani na kuna kitu kinagusa spoku, tiki tiki tiki, mimi naacha kupepeta mchele nasimama na ungo wangu mpaka gurudumu litulie. Sijawahi kumwambia kwa nini. Nadhani anajua, maana siku hizi akiniona nimesimama anaizungusha tena mara ya pili, hata kama ringi imeshanyooka.

Sasa kilichoniharibia. Mwezi uliopita Umoja wetu wa kina mama kanisani ulikuwa na siku ya ushuhuda, waume nao wakaalikwa, na mimi kwa mara ya kwanza nikasimama nikasimulia yote, moyo, mimba, kipimo, na nikaitoa karatasi ikapita mkono kwa mkono. Nikawaambia kwamba kabla ya kusafishwa niliomba nimwone mwanangu, nikamwona, nikamsikia, na kwamba kuona kule ndiko kunakonishikilia mpaka leo. Kina mama walilia, hata wale ambao huwa hawalii. Mwenyekiti wetu, mama Yudith, akanikumbatia akasema wewe ni ushahidi unaotembea, na kumbe kwenye redio moja kuna mjadala kuhusu zile sheria za baadhi ya majimbo ya Marekani zilizotaka mwanamke apimwe na kuonyeshwa kwanza kabla ya kutolewa mimba, watu wanapiga simu kubishana kama na sisi huku zingetufaa, basi mama Yudith ameshawapa jina langu na Jumamosi hii wananitaka studio nikaseme kwamba kuona kunasaidia.

Hilo lingekuwa dogo. Siku ile ya ushuhuda alikuwepo Tumwagile, binti wa miaka ishirini na sita ninayeimba naye kwaya, mama wa watoto wawili. Uzazi wa pili alipata kifafa cha mimba, alilala wiki tatu hajitambui vizuri, na figo zake hazikurudi sawa. Sasa mimba imeingia tena bila wao kutarajia, ina wiki kumi, na madaktari wamemwambia kama mimi nilivyoambiwa, waitoe mapema kabla figo hazijagoma, wakampangia Alhamisi hii. Baada ya ushuhuda alinifuata nje akaniuliza polepole, "Dada, kile kifimbo wanaingiza kweli? Na mtu akisema hataki kuangalia?" Mimi bado nimejaa sifa za kina mama nikamjibu, "Utaangalia tu mdogo wangu, na utashukuru."

Kesho yake akafungasha, akaenda kwa wazazi wake Tindiga. Jana mume wake Gerald alikuja nyumbani, hakukaa hata kwenye kiti, akaniambia, "Shemeji, mke wangu amegoma. Anasema bora afie kwa mama yake kuliko kuchokonolewa mbele za watu na kuonyeshwa mtoto anayekwenda kumwacha. Asubuhi uso unaamka umevimba. Wewe ulimwambia nini?"

Mshauri, hata kwako hapo juu kuna sehemu nimeiruka. Mimi sikuomba kuona. Nilipoona anageuza skrini nilifumba macho nikasema naomba usigeuze, tafadhali, sitaki, naye akasema wote wanaokuja kutoa lazima waangalie, fumbua macho mama, usije ukasema hukujua, na akangoja, na kile kitu kikiwa ndani yangu, mpaka nikafumbua. Vitalis alikuwa nje ya mlango, alinisikia. Siku ile tuliporudi kutoka kwenye ushuhuda aliniuliza swali moja tu, "Mbona kule hukusema hivyo?" nikamwambia aachane na mambo ya kina mama. Ukweli ni kwamba kitu ninachokipenda namna hii sikutaka kiwe kimetoka kwa mtu aliyenilazimisha, nikakibadilishia njia kiliyopitia, na nimekisema hivyo moyoni mara nyingi hadi karibu nikaamini.

Nikimwambia Tumwagile ukweli, nitakuwa namwambia kwamba anachokiogopa kipo. Nikinyamaza, ataendelea kukaa Tindiga. Na nikiusema mbele za watu naona kama karatasi yangu itachafuka, na sina kingine. Nifanyeje?

Mwenye karatasi, Kimamba.

* * *

Mwenye karatasi, marahaba mwanangu. Jibu hili nilikutumia kwenye simu Jumatatu ile ile uliyoniandikia, sikungoja gazeti, maana Alhamisi haingoji gazeti. Hapa nalichapa kwa ajili ya wengine, majina nimebadilisha.

Pole sana. Pale kwenye gurudumu la Vitalis nilivua miwani nikakaa kidogo. Una mume wa kushukuru kila siku, na bado unamwambia aachane na mambo ya kina mama! Sasa miwani nimevaa tena, nisikilize.

Umekosea, na kosa lako si dogo. Binti wa watu alikuja kukuuliza swali la uhai wake nawe ukamjibu kama mtu anayehojiwa jukwaani. "Utashukuru." Nani alikutuma? Yeye alitaka kujua kama mtu anaweza kukataa, na wewe peke yako katika kanisa zima ndiye uliyekuwa unajua kukataa kunafananaje. Ulikataa, ukiwa umelala chali, umefumba macho. Hilo ndilo alilolihitaji kwako, nawe ukamnyima.

Unaogopa kwamba ukisema ukweli karatasi itachafuka. Haitachafuka. Mpimaji yule hakukupa zawadi, alikutia adabu kwa kosa ambalo hukulifanya. Mapenzi yote yaliyomo kwenye karatasi hiyo umeyatia wewe, Jumapili moja baada ya nyingine, na ungempenda mwanao huyo hata kama ungetoka mle mikono mitupu. Usimpe yule mtu sifa ya kazi uliyoifanya wewe.

Nami nikutolee la kwangu, maana nimekuwa muuguzi miaka thelathini na moja. Zamani nikiwa Mikumi niliwahi kumwambia mama mmoja, naye kashauriwa na daktari kama wewe, kwamba afumbue macho atazame. Nilijiona namsaidia asije kujuta. Alifumbua. Uso wake umenikaa mpaka leo, kwa hiyo barua yako nimeisoma nikijijua niko upande gani wa ile skrini. Wanaobishana redioni wanauliza kama kuona kunamsaidia mwanamke. Wapo ambao kunawasaidia, na akitamani kuona aonyeshwe, tena kwa upole, apewe na picha yake. Lakini mwenye kutamani huwa anasema mwenyewe, hahitaji sheria ya kumfumbua macho.

Haya, kazi. Leo usilale kabla hujamwambia Vitalis, "Kweli, sikusema hivyo." Inatosha, yeye ataelewa. Kesho asubuhi mchukue Gerald mwende Tindiga, na kama masika yameharibu njia, pikipiki ikikwama shukeni mtembee. Mkifika, usianze kuhubiri. Msalimu mama yake ipasavyo, kisha omba kukaa na Tumwagile peke yenu, umwambie maneno haya: nilikudanganya, mimi nilikataa kuangalia nikalazimishwa, na haikuwa haki. Mwache akasirike. Akikufukuza, kaa uani.

Akitulia, mwambie na haya, ambayo wewe hakuna aliyekuambia. Sheria yetu inamruhusu daktari kuokoa maisha ya mama, kwa hiyo haendi pale kama mhalifu. Kipimo kile cha njia ya chini kipo na wakati mwingine kina kazi yake, hasa mimba ikiwa changa sana au ikihofiwa imetunga nje ya kizazi, kwa hiyo asiogope kuuliza: kinahitajika kwangu kwa ajili ya nini, na cha tumboni hakitoshi? Jibu likiwa ni "utaratibu" tu, ana haki ya kusema hapana na kuomba kumwona daktari aliyemshauri. Ana haki ya kusema wanafunzi watoke. Ana haki ya skrini kuangalia ukutani na sauti kuzimwa. Gerald ampigie daktari Jumatano, ayaseme hayo kabla hawajafika, na wakisumbuliwa wamtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Na wewe uende nao. Usimame upande wa kichwa chake, umshike mkono, na akifumba macho wewe ndiye wa kuwaambia waliomo kwamba mwenzangu amefumba macho na atabaki hivyo.

Ule uso unaoamka umevimba usiuchezee. Akianza kuumwa kichwa kikali au kuona ukungu, msingoje Alhamisi, mkimbizeni.

Kuhusu Jumamosi, mpigie mama Yudith umwambie utakwenda redioni kama utasimulia yote, pamoja na pale uliposema tafadhali sitaki. Akisema sehemu hiyo iachwe, basi hakukutaka wewe, alitaka karatasi, na umjibu kwamba karatasi haitoki nyumbani. Kwa kina mama utasimama tena siku ya ushuhuda ijayo. Itakuuma. Nenda hivyo hivyo.

Halafu, mwanangu, karatasi za mashine zile zinaliwa na mwanga na joto. Leo hii, ndani, mbali na dirisha, ipige picha kwa simu, uitume na kwa Vitalis ili iwe sehemu mbili. Usiniambie hana haja nayo. Mtu anayezungusha ringi iliyonyooka anamkumbuka mwanawe.

Na najua utakwenda nayo Tindiga, hata nikikukataza utaificha kwenye mkoba. Nenda nayo. Lakini isitoke humo mpaka Tumwagile mwenyewe aiombe, na asipoiomba, rudi nayo.

Mama Scholastica