Mikono ya mama ku libwe

Kazi moya, 5 mwezi wa munane

Nilipiga matofari ya siment mpaka saa sita. Mugongo inauma. Ilunga, ndugu yangu mudogo, alipita na nguo ya kanisa. Iko diacre, shemasi wa kanisa, sasa. Anasema atafunika sanamu ku libwe, jiwe ya kaburi ya mama: mwanamuke anapiga magoti, mikono ku maziba, ku kifua. Eti ni fetishi. Siku ya posho, ile jumamosi, atapakaa siment, atachora musalaba juu. Nilikasirika sana. Baba njo alichonga ile libwe na mikono yake, kila akitoka ku atelier ya rail, karakana ya train.

Kazi tatu, 7

Kwetu Baluba, mwanamuke wa vile anachunga siri. Bafumu ba zamani, bafalme betu, balimuchonga ku fimbo yabo. Nilimuelezea Ilunga. Hasikie. Ananiita Yaya, mukubwa wake: "Yaya, ile ni mambo ya bapagano."

Siri ya mama, minyi naijua. Mwaka bantu ba Kasai balifukuzwa, tulikuwa tunaikala Luena. Nilikuwa na myaka kumi na moja. Mwanamuke moja wabo alikufa ku gare akingoja train, mutoto ku mugongo. Mama alikuwa amezika mutoto wake mwezi ule. Alifungula ule mutoto, akamupa maziba. Njo Ilunga. Kisha tukahamia Kamina, kwenye hakuna muntu alitujua. Mama aliniapisha nisiseme. Ilunga hajue kitu.

Kazi tano, 9

Neno moja tu ya ile siri, na ataacha ile libwe. Iko ku ulimi.

Hapana. Sitasema. Na libwe haitafunikwa. Byote bibili nitabichunga.

Siku ya posho, 10

Alikuya ku kaburi na karai, pelo ya kukorogea, mufuko ya siment. Akakoroga. Minyi nikaikala, mugongo ku libwe. Akasema nitoke. Sikutoka. Akanibembeleza, akakasirika, akasali. Jua ikapanda. Minyi ni muntu wa siment, najua wakati yake. Saa sita siment ilikuwa imekauka mu karai, pelo ndani. Ilunga aliipiga teke, akaenda kwake. Miguu yangu ilikufa ganzi. Nilirudia nyumbani pole pole.

Siku ya yenga, 11

Kisha kanisa kwisha, Ilunga alikuya ku malalo, ku kaburi ya mama, peke yake, mikono mitupu. Tulingʼoa majani. Aliangalia sanamu kwa murefu. Akauliza: mama anachunga siri gani pale?

Nikamuambia: mutoto wake.

Akacheka kidogo. "Basi ni weye, Yaya. Ulimusumbua sana."

Nikamuambia ndiyo.