Maneno Yako Kuhusu Uwanja

Ndugu yangu Bahati,

Nimewaficha vijana maneno uliyoniambia hospitalini. Tulikuwa wawili tu chumbani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunisahihisha. Sasa daktari anasema moyo wangu umechoka, nami sitaki kuondoka nayo.

Timu ya chuo bado inacheza pale Small Heath. Tangu ufariki, maji yamezidi kutuama kwenye goli la upande wa reli, na mwenye uwanja hajaleta hata toroli moja la mchanga. Mwezi uliopita kipa aliteleza, akavunjika mguu. Chuo kimepata uwanja mzuri Perry Barr, upande wa pili wa mji. Wakili anasema mkataba wa hapa unaweza kuvunjwa kabla msimu haujaisha, mradi wanakamati wote watie sahihi. Wametia wote isipokuwa mimi.

Juzi nahodha wetu, Abdi, alikuja kwangu. "Mwalimu, hiyo si ground, ni shamba la mpunga!" Nilicheka. Kisha akainamisha kichwa: "Lakini kama ni wasia wa Kocha, basi, tutavumilia." Mjane wako, Mama Furaha, husema vivyo hivyo. Kwenu Bukavu, kama kwetu Mombasa, neno la anayekufa halipingwi. Nililijua hilo niliposimama kwenye matanga yako na kutangaza kwamba umetuachia wasia.

Unalikumbuka benchi tulilolipaka rangi nyeupe? Ulilikalia kabla halijakauka, ukafundisha kipindi chote cha pili suruali ikiwa na milia, na wachezaji wakikuita Papa Punda. Benchi lile naliona kutoka dirishani kwangu. Miguu hainivushi tena barabara, lakini kila Jumamosi najua nani amefunga, na vijana hunipungia mkono. Perry Barr sitafika. Sababu yangu ilikuwa hiyo tu. Heshima yako haikuwamo.

Jumamosi hii Abdi atanisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mkutanoni. Nitawaambia wote, Mama Furaha akiwepo, kisha nitatia sahihi. Hilo nakuahidi. Kwaheri, ndugu yangu. Pengine si ya muda mrefu.

Niliwaambia ulisema, "Musiache uwanja wetu."

Ulinishika mkono, ukasema, "Mwalimu, mutoke pale. Mutaumiza batoto."