Kanda Imekwama, Mke Wangu Bado Anapigapiga Goti

Mama Mshauri,

Kama umenizidi umri, shikamoo, na kama nimekuzidi, basi marahaba, maana picha yako gazetini ni ndogo na haioneshi mvi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, Mlutheri, naishi Mwika, na jina langu naomba ulifiche kwa sababu jambo lenyewe linamhusu mke wangu, Mama Kindness, ambaye hajui kwamba nakuandikia.

Nina gari la zamani aina ya Austin Cambridge, nililonunua kwa mzungu wa shamba la kahawa alipokuwa anaondoka, nami nimelitunza mpaka leo, hata watoto wa shule hulipapasa kama ng'ombe wa maonesho. Redio yake ya asili ilikuwa na spika moja chini ya dashibodi, ikiongea kama mtu mwenye mafua, na miaka yote hiyo haikunisumbua, kwa kuwa nilikuwa nalitumia peke yangu kwa mikutano ya chama cha ushirika na kwa misiba, na mke wangu siku ya soko alikwenda Himo na wenzake kwa pikapu, na ndizi zake.

Mama Kindness aliimba alto katika kwaya ya usharika wetu tangu akiwa msichana, kisha mwaka juzi akaacha, akasema miguu inamuuma kusimama, nikamwamini, mpaka nilipoanza kuona maziwa yanafurika jikoni na yeye amekaa papo hapo, ng'ombe analia njaa na yeye hageuki, nikimwita kutoka migombani haitiki, na mtu akiongea naye hugeuza kichwa ampe upande wa kulia, ndipo nikajua kwamba si miguu, ni masikio, na la kushoto ndilo lililokufa, lakini hakusema, nami sikuuliza, kwa sababu watu wa rika letu hatuulizani mambo ya namna hiyo.

Sasa, mwenyekiti wa kwaya alikuwa na kanda waliyorekodi zamani kwenye mashindano ya dayosisi, na ndani yake kuna mahali sauti nyingine zinanyamaza, wanabaki alto peke yao, na sauti ya mke wangu inasikika wazi kabisa, nikaona kwamba kabla masikio hayajafunga ni lazima ajisikie mwenyewe alivyokuwa. Siku hizi vitu vimejaa madukani, si kama ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, basi nikaenda Moshi mjini kwa fundi Thadeus, nikanunua redio ya kaseti, na kwa kiburi cha ualimu nikaifunga mwenyewe, nikasahau kwamba kwenye gari la Kiingereza la umri ule waya chanya ndio unaoshikishwa kwenye bodi, si hasi kama magari ya leo, na redio ile ikatoa moshi kabla ya kutoa neno. Wiki hiyo, dashibodi ikiwa wazi na nyaya zinaning'inia, tulikwenda hospitali kumwona ndugu yake, na mke wangu aliongea njia nzima, akacheka, akanijibu kila nilichosema, hata nikadhani masikio yamepona yenyewe.

Thadeus akaja akanicheka, "Mwalimu, hii umeifundisha au umesikia tu?", akageuza nyaya za betri, akaielekeza dainamo upya ili iendane nazo, akafunga redio nyingine, amplifaya chini ya kiti, spika mbili kwenye kibao cha nyuma chini ya kioo, na moja kubwa kwenye mlango wa kushoto anapokaa mke wangu, na hiyo ilikuwa hesabu yangu, kwamba sikio bovu ndilo linalohitaji nguvu zaidi. Kuutoboa mlango ule kuliniuma kama kung'olewa jino. Tangu hapo kila siku ya soko nampeleka Himo mwenyewe, na yeye huwa tayari kabla yangu, ameoga, kanga imepigwa pasi, amekaa garini wakati mimi bado natafuta ufunguo. Kanda inaimba, vioo vinatetemeka, majirani wananiuliza, "Mwalimu, disko linaanza saa ngapi?", na yeye anapigapiga goti na kusema, "Nzuri sana, Baba Kindness." Mara mojamoja huniuliza jambo, kama juzi alivyouliza ile nyumba mpya ya njiani ni ya nani, nami humwonesha redio kwa kidole, asikilize, alto wanakaribia. Neno lake jingine ni, "Endesha polepole, hatufukuzwi na mtu," maana ni mwoga wa gari.

Wiki iliyopita tukiwa tunapanda kutoka Himo redio iliimeza kanda, pakawa kimya, nikasikia injini tu, nikamtazama mke wangu, naye alikuwa bado anapigapiga goti, anatikisa kichwa, macho mbele, na baada ya kitambo akasema, "Nzuri sana." Mama Mshauri, mimi ni mtu mzima, lakini nilishindwa kuiona barabara vizuri.

Binti yetu Kindness, aliyeko Arusha, anasema, "Baba, uza hilo gari, watu wanakucheka." Thadeus anasema nifunge sanduku la besi kwenye buti, eti hata kiziwi atalisikia kwa mgongo, na kusema kweli nimeshaanza kupima buti. Lakini je, nimwambie mke wangu kwamba najua? Nikimwambia nitamwaibisha, mtu aliyekuwa anawaongoza alto, na nikinyamaza nitakuwa nimemwacha peke yake ndani ya kimya chake. Nifanye lipi?

Mwalimu, Mwika

MAJIBU

Mwalimu, shikamoo. Mvi ninazo, ila naona za kwako ni za siku nyingi zaidi.

Jina nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sijui nimelificha kwa nani. Austin Cambridge inayoimba alto kwenye njia ya Mwika ni moja tu, na jina la binti umeniandikia mwenyewe, na la fundi pia. Ndiyo sababu jibu hili nilikutumia kwanza kwa posta na kuzuia gazeti kidogo, usije ukatanguliwa na majirani.

Pole sana. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kusimama nje. Mwanamume anayetoboa mlango wa gari analolipenda hivyo ili mke wake asikie wimbo, sina la kumfundisha juu ya upendo. Nina la kumfundisha juu ya kusikiliza, na hapo nitakugombeza, unisamehe.

Rudi kwenye safari ile ya hospitali, redio ikiwa imeungua. Mkeo aliongea njia nzima, na wewe ukadhani masikio yamepona. Mwalimu! Magari yetu dereva hukaa kulia, abiria kushoto kwake. Sikio lake la kulia, hilo moja zima, lilikuwa limeelekea wapi? Kwako. Palikuwa na injini tu na sauti yako, akasikia. Kisha ukaleta spika. Sikio lililokufa ukalipelekea nguvu zote, na hili linalokusikia ukalizamisha. Mtu aliyefundisha watoto wa watu namna ya kupima vitu!

Tena fikiri. Kanisani kwenu, kama kwetu Wakatoliki huku Kibosho, wazee wetu walitukalisha wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nyumbani, na nadhani sikosei, chakula unaletewa sebuleni, yeye anakula jikoni na wajukuu. Pombe ya mbege unakunywa na wazee wenzako. Gari, umesema mwenyewe, lilikuwa lako na la misiba. Nitajie mahali pengine ambapo mkeo amewahi kukaa bega kwa bega na wewe, mchana, watu wote wakiona. Halafu unashangaa kanga imepigwa pasi? Haendi kusikiliza kanda. Na "endesha polepole" si woga. Mwoga wa gari hawi wa kwanza kuingia garini.

Usiseme pia kwamba anakudanganya. Alikuona ukiukata mlango ule kwa ajili yake. Ungekuwa wewe, ungepata wapi kinywa cha kusema husikii?

Kuna jambo hukuniandikia, nawe ni mtu wa fizikia: kanda ilipokwama, mkono wake juu ya goti ulikuwa unakwenda sawasawa na wimbo, au ulikuwa unapotea? Sikuwapo, lakini naamini ulikuwa sawasawa. Wimbo ule ameuimba miaka mingi. Alikuwa anaendelea nao pale kanda ilipouachia, na aliposema "nzuri sana" huenda hakuwa anaigiza chochote.

Sasa fanya nitakavyokwambia. Sanduku la besi liache dukani, buti ibaki ya ndizi. Gari usiuze, na Kindness mwambie ni mimi niliyekataza. Spika zibaki zilipo, maana mlango umeshatobolewa, ila sauti ishuke mpaka wewe na mkeo mwongee bila kupiga kelele.

Mpeleke hospitali atazamwe masikio. Usimtume na binti. Nenda wewe, ingia naye kwa daktari, na akiulizwa swali asilisikie, lirudie kwenye sikio lake la kulia bila kujibu kwa niaba yake. Yawezekana ni nta tu imejaa, yawezekana ni uzee na hapana dawa, lakini kwa sasa hamjui, na kutojua kwenu kumetokana na heshima ya kutoulizana. Heshima ya namna hiyo sasa basi.

Kuhusu kumwambia, ndiyo, mwambie. Siri mnayoijua wote wawili haimfichi mtu aibu, inawachosha tu. Lakini usimwambie jikoni mbele ya wajukuu, wala usiandike barua nyingine. Gari la umri huo, kwenye mlima ule wa kutoka Himo, lazima lina mahali linapochemka na wewe husimama kulipoozesha na kuongeza maji. Siku ya soko, simama hapo. Zima injini, zima redio. Msogelee, umwambie polepole, bila sauti ya darasani: "Mama Kindness, wiki ile kanda ilikwama. Nilijua." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Akicheka, cheka naye, maana na wewe umechekesha. Asiposema kitu, usianze kumfafanulia, najua utataka sana kufafanua.

Mkishakuwa sawa, mwombe akuimbie pale ambapo alto wanabaki peke yao. Atakataa mara ya kwanza. Mwombe tena. Safari hii wewe ndiye utakayepigapiga goti.

Na maji yakishapoa mkiwa mnaendelea kupanda, endesha polepole, na umwambie ile nyumba mpya ni ya nani. Alikuuliza, bado anasubiri.