Wimbo Ninaouruka

Alhamisi. Ukungu asubuhi, mvua mchana, na mimi nimenuna siku nzima.

Sikupanga kuandika. Lakini mtandao umepatikana huku mlimani, jambo ambalo si la kila siku, na nina kitu ambacho nisipokitoa leo kitanikaa kooni.

Asubuhi Mama Zawadi amekuja mwenyewe. Ni yeye anayenunua fromaji zangu na kwenda kuziuza Goma. Jibini ni neno la vitabuni. Huku Masisi, tangu mapadri watufundishe kuitengeneza, ni fromaji tu. Kwa kawaida hutuma mtu wa moto, yaani wa pikipiki. Nilipomwona anashuka kwenye matope na mfuko mkononi, nikatoka kumpokea. Mfukoni mlikuwa na fromaji zangu mwenyewe, zimerudi nyumbani.

“Mama Aline, fromaji yako iko na maji,” alisema, hata hajakaa. “Batu banakata, inapondeka. Na iko na buchungu. Mie niliwaambia ni mvua njo inaleta vile. Sasa nitawaambia nini tena, dada?”

Nikampa chai. Akasema atanijaribu mara moja tena, na zikirudi, atatafuta mtu mwingine mlima wa pili. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Angenigombeza ningemjibu.

Fromaji ndicho kitu pekee ninachokiweza kuliko majirani zangu. Kupika napika kama kila mtu, kulima nalima kama kila mtu. Lakini mtu wa Goma akila fromaji ya Mama Aline alikuwa anajua ni ya Mama Aline. Nikipokonywa hilo, sijui nitabaki nani.

Kwa muda sasa nimemlaumu kila mtu. Nimelaumu nyasi, nimelaumu ng'ombe. Nimemgombeza mchungaji wa ng'ombe mbele ya watu kwamba anaongeza maji kwenye maziwa, maskini, akaapa kwa jina la mama yake. Nimebadilisha dawa ya kugandisha, nimebadilisha chumvi, nimechemsha vitambaa hadi vikachanika.

Kosa lilikuwa kwenye kidole changu.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikiishia hapo utadhani nimekunywa.

Mume wangu, Bahati, alifundishwa fromaji na baba yake. Mzee alikuwa akishatia dawa kwenye maziwa ya vuguvugu, anachukua rozari anasali. Rozari ikiisha, litania ikiisha, maziwa yameshika, anakata. Bahati hakuwa mtu wa rozari. Alikuwa na kaseti: mkusanyo wa nyimbo za soul za zamani, zile ambazo sisi huku tunaziita slow, alioununua sokoni Kitshanga katikati ya kaseti za kwaya. Juu yake palikuwa na picha ya ua jekundu, na hapakuwa na jina la aliyezichagua. Akawa anatia dawa, anabonyeza kaseti, na akagundua kwamba mama mmoja mwenye sauti nene akianza kuimba, maziwa yako tayari. Ikawa sheria ya nyumba. Mama mkwe alituombea msamaha kwa Mungu kwa miaka.

Ndivyo na mimi nilivyofundishwa. Mama yule akifungua kinywa, chukua kisu.

Ndiyo, simu ina saa. Najua. Lakini mkono wangu haukujifunza kwa saa.

Mkusanyo ule uko kila mahali. Uko kwa kinyozi, uko arusini, uko dispansari, uko kwenye baa ambayo siingii lakini masikio yangu yanaingia. Wengine walikuwa nao kwenye kaseti, wengine kwenye sidii, sasa ni flashi, lakini nyimbo ni zilezile na zimepangwa vilevile. Wa pili ukikaribia kuisha, mdomo wako umeshaanza wa tatu. Kiingereza hatukijui. Tunafumba macho na kuimba na-na-na, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Mwaka tuliokimbia vita na kulala kambini Kitshanga, jioni moja nilisikia redio ya mtu nisiyemjua, mahali fulani nyuma yetu, ikipiga zile slow. Nilikuwa nimepoteza nyumba, mbuzi na masufuria. Nikatega sikio kuuvizia wimbo unaofuata, nione kama na huo nao umepotea. Ukaja, uleule. Nadhani ndiyo maana watu hawazichoki. Binti yangu Aline, anayesoma Goma, hunitumia nyimbo mpya na baadhi ni tamu kweli, ila zinakuja mojamoja, na ukishausikia mmoja hujui ukae au uondoke.

Sasa, kabla ya mama wa kisu kuna wimbo mmoja mrefu kupita kiasi. Mwanaume anaanza kwa kuongea. Anaongea, anaongea, ngoma inagonga polepole nyuma yake, mpaka unafikiri amesahau kwamba alikuja kuimba. Bahati alikuwa ananitafsiria. Mwongo yule, Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu! Kila siku tafsiri mpya. Leo yule bwana amepoteza ng'ombe, kesho anamwomba mama mkwe wake radhi, keshokutwa amekataa kula mboga ya sombe. Ila mwisho ulikuwa mmoja. Bahati ananisogelea, ananishika kiuno, ananiambia sikioni:

“Sasa anasema hivi: mama, usikate kwanza. Maziwa haiyashika bado.”

Tulicheza pale pale kando ya sufuria, na viatu vyetu vya mvua. Nilicheka kila siku. Kila siku, kweli.

Bahati alienda Walikale kuchimba mawe ya madini msituni. Alisema ni kwa msimu mmoja. Kabla ya kuondoka alinihamishia kaseti kwenye flashi ya kuchomeka kwenye redio, ili utepe usinisumbue. Mwanzoni alipiga simu. Halafu akapiga mara mojamoja. Halafu mtu wa moto aliyetoka kule akapita hapa kunywa maziwa, akaniletea habari ambazo hakutumwa: amemwona Bahati, yuko mzima, amenenepa, ana bibi mwingine na mtoto mchanga.

“Pole, Mama,” alisema alipouona uso wangu. “Nilifikiri unajua.”

Sikujua.

Tangu siku hiyo, wimbo ule mrefu ukianza tu, nabonyeza upite. Zamani kwenye kaseti kuruka wimbo kulikuwa ni kazi: unapeleka mbele, unapitiliza, unarudisha nyuma, utepe unajikunja. Kwenye flashi ni kidole kimoja. Yule bwana anakatwa kabla hajatamka neno, na mara mama wa kisu anaanza kuimba, na mimi nachukua kisu.

Mwenye akili ameshaona. Mimi sikuona mpaka leo mchana.

Mama Zawadi alipoondoka, maziwa yalifika. Nikayapasha, nikatia dawa, nikawasha redio kwenye rafu yake. Mvua ikaanza kwa nguvu, ile inayokuja na upepo, na bati la kibanda cha fromaji likaanza kuvuja, si pembeni, juu ya sufuria hasa. Nikavuta shitingi, yaani plastiki ya msaada tuliyorudi nayo kutoka kambini, nikaitandaza juu ya sufuria kwa mikono miwili, nikaishikilia. Zamani tungekuwa wawili. Mmoja angeshika, mwingine angetafuta kamba.

Na ndipo wimbo ukaanza.

Nilijaribu kuifikia redio kwa kiwiko. Hakifiki. Nikanyoosha mguu, nusura nipige teke sufuria yote. Nikiachia mkono mmoja, maji ya kutu yanaingia kwenye maziwa, na maziwa haya ndiyo ya kumrudisha Mama Zawadi. Basi nikasimama mikono juu, mtu mzima mimi, na yule bwana akaanza kuongea.

Mwanzo nilimchukia. Nilimtukana Bahati kwa sauti, yeye na unene wake. Halafu zile tafsiri zikaanza kurudi, ya ng'ombe, ya sombe, ya mama mkwe, na nikajikuta nacheka na kulia kwa pamoja. Pua inatiririka na siwezi kuifuta. Sijawahi kuwa kioja namna ile maishani mwangu.

Kisha nikasikia kitu. Nyuma ya yule bwana kuna wanawake. Wanamwitikia, chini chini, tangu mwanzo. Miaka yote ile sikuwahi kuwasikia, kwa sababu Bahati alikuwa anaongea juu yao.

Nikawasikiliza wao mpaka mwisho.

Mama wa kisu akaanza. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, upepo umetulia. Nikaegesha shitingi kwenye misumari ya ukuta, nikachukua kisu, nikakata. Kikapita bila kukwama. Kingo zikasimama, maji yakatoka safi, ya kijani hafifu, jinsi yalivyokuwa yanatoka siku zote kabla mambo hayajaharibika. Maziwa yalikuwa yameshika! Miezi yote hii nimekuwa nikiyakata mabichi, nikiwahi kwa sababu ya wimbo ninaouruka.

“Papa Aline, kuja uone!” nikamwita Bahati.

Niliita kwa nguvu, kama mtu anayeita mtu aliye uani. Nikasimama pale na kisu mkononi, nikiisikia sauti yangu mwenyewe.

Niko mpweke. Nimeliandika, na sitalifuta. Nimekuwa nikisema nina hasira, watu wakiniuliza najibu nina hasira, maana hasira mtu anaweza kutembea nayo sokoni akiwa ameinua kichwa. Lakini leo, pale kibandani, hasira ilikuwa ndogo sana. Kilichokuwepo ni kwamba kitu kimenifurahisha na hakuna wa kumwonyesha.

Jioni nimemwandikia Mama Zawadi kwamba nimelipata kosa, ni moto, moto wa jiko haukuwa vizuri. Nimedanganya. Ningemwambia nini, kwamba fromaji zake zimeharibiwa na slow? Mchungaji yeye nitamwomba radhi mbele ya watu walewale, ingawa atanicheka mwaka mzima.

Nimewaza sana baada ya hapo. Naweza kuufuta wimbo ule kwenye flashi na kuanza kutumia saa ya simu, kama watu wenye akili zao. Nimeutafuta, nimeufikia, kidole kikakaa juu yake. Nikawakumbuka wale wanawake. Kama Bahati amechukua miaka, kicheko na tafsiri zake za uongo, wao hakuwachukua. Hata hakujua kwamba wapo.

Kesho maziwa yataletwa, na sijui kama nitaweza kutouruka. Leo niliusikiliza kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshikwa. Kesho nitausikiliza mikono ikiwa mitupu.