Tanga la Nyawira

S.L.P. 63,
Naro Moru.
16 Agosti, 2025.

Mpendwa dada Nyawira,

Habari ya Ufini? Natumaini kifua kimepona na kwamba sasa unavaa soksi nzito bila kuambiwa. Huku tuko salama, isipokuwa macho ya Mama, nitayafikia. Baridi ni ile ya Agosti, mlima hauonekani.

Viazi vimefanya vizuri, mahindi hapana. Upepo uling'oa nailoni ya banda la nyanya la mke wangu Tabby, ukaibwaga kwa jirani.

Nailoni hiyo ilileta kioja kanisani. Mama aliomba lile tanga la chombo mnachotengeneza huko kazini liombewe kabla halijarushwa angani. Mzee Mutahi, aliyeongoza maombi, aliposikia kwamba ni jembamba kuliko karatasi aliikumbuka nailoni ya Tabby, akamsihi Mungu atulize pepo zote. Mama hakungoja amina.

"Wee Mutahi, unakwamisha mtoto wangu! Hiyo inataka kusukumwa."

"Kusukumwa na nini, Mama Muriithi? Ati huko juu kuna upepo?"

"Inasukumwa na mwanga. Wewe omba jua iwake."

"Na viazi yangu?"

Kanisa zima lilicheka. Tuliomba jua.

Sasa macho. Jumanne nilimpeleka Mama hospitali, Nyeri. Ni presha ya macho. Daktari alisema wazi kwamba jicho la kulia limekwisha, na hakuna upasuaji wa kulirudisha. La kushoto, dawa itachelewesha tu. Mama alikuwa ameketi hapo, akisikia yote.

Najua umeombwa ubaki huko kazini miaka mitatu zaidi, na kwamba jibu linatakiwa mwezi ujao. Sikuamulii. Nakueleza hali ilivyo.

Kila jioni Mama hubeba kiti hadi nyuma ya jikoni akatazama jua likizama. Anasema ndiko ulikokwenda. Nilimwambia Ufini iko kaskazini, upande wa Nanyuki, hakugeuza kiti. Picha yako ya kufuzu ameitoa ukutani. Huishika karibu kabisa na jicho la kushoto.

Juzi aliniuliza kama tanga likishasukumwa na jua huweza kurudi. Nilimweleza kama ulivyonieleza kwenye simu: likigeuzwa kidogo, mwanga uleule uliolipeleka mbali hulirudisha polepole kuelekea jua. Alimaliza chai yake.

Kisha akasema, "Basi mwambie aigeuze."

Tabby anakusalimu sana. Shangazi Kabura anauliza kama huko kuna ugali. Mutahi naye anasema jua lilikuja, na hakuna kiazi kilichoharibika.

Mungu akulinde kazini na njiani. Doa lililo pembeni mwa karatasi si mvua. Nilipomsomea Mama barua hii aliishika, akaitemea mate ya baraka, kama alivyokutemea viganjani siku ile ukiondoka. Nimeiacha ikauke yenyewe.

Ndimi kaka yako akupendaye, na kiti bado kiko nje,

Muriithi